Mgeni na Jembe Lake: Neno kwa Wanafunzi Waendao Korea



Tarehe 6 Agosti 2023, Siku ya Vijana Ulimwenguni ilipohitimishwa mjini Lisbon, Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza kwamba mkutano utakaofuata ungefanyika Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, mwaka 2027. Baadaye zikapangwa tarehe zake, yaani 3 hadi 8 Agosti. Bara la Asia halijapata kuupokea mkutano huo tangu ule wa Manila mwaka 1995, na safari hii mwenyeji ni nchi ambayo Wakatoliki wake ni takriban mmoja tu kati ya kila watu kumi. Tangu hapo jina la Korea limeingia katika mazungumzo ya vijana wa Kanisa, nasi tumeona inafaa kusema neno mapema, kabla nauli hazijalipwa na mabegi hayajafungwa.

Neno letu haliwahusu mahujaji wa mwaka 2027 peke yao. Linawahusu pia wanafunzi wote ambao, kwa mwaliko wa vyuo, mashirika au familia za kitawa, huenda nchi hiyo kwa majuma mawili au matatu kwa kile kinachoitwa safari ya utamaduni na kujitolea. Safari za namna hii tunaziunga mkono. Wahenga walisema tembea uone, na kijana aliyeketi mezani pamoja na watu wa lugha nyingine si rahisi kudanganywa na wachochezi wa chuki. Hata hivyo, katika jina hilo kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, utamaduni na kujitolea, na kila moja lina deni lake. Tukilipuuza deni hilo, safari itabaki kuwa matembezi ya gharama kubwa yaliyovikwa vazi la huruma.

Tuanze na utamaduni. Ratiba nyingi humpeleka mgeni katika kasri la Gyeongbokgung, lililokamilika kwa mara ya kwanza mwaka 1395. Huko huazimwa vazi la jadi liitwalo hanbok, hupigwa picha, kisha huonjeshwa kimchi, yaani kabichi iliyoungwa pilipili na kuchachushwa. Hayo yote ni mema, na mwenyeji huyaonyesha kwa fahari ya haki. Lakini je, mgeni ataambiwa kwamba mbele ya kasri hilohilo watawala wa Kijapani walijenga makao makuu ya ukoloni wao, yaliyokamilika mwaka 1926, na kwamba Wakorea walianza kuyabomoa mwaka 1995, miaka 50 baada ya kupata uhuru? Sisi tuliotawaliwa na wageni tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa habari hiyo.

Ukoloni huo ulidumu tangu 1910 hadi 1945. Nchi haikupata hata muda wa kupumua, kwani iligawanywa pande mbili na mataifa makubwa, kisha vikaja vita vya mwaka 1950 hadi 1953 vilivyoua mamilioni ya watu. Silaha ziliwekwa chini tarehe 27 Julai 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano tu. Mkataba wa amani haujatiwa sahihi hata leo, na ukanda wa mpaka wenye upana wa takriban kilometa nne bado unatenganisha ndugu wa damu moja. Mwanafunzi anayepelekwa mpakani kuchungulia upande wa pili kwa darubini na akumbuke kwamba anatazama jeraha, si maonyesho.

Iko pia historia ya wanafunzi wenyewe. Mwezi Januari 1987 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Park Jong-chul, alikufa kwa mateso mikononi mwa polisi, na ukweli ukafichwa. Mwezi Mei mwaka huohuo mapadre wa Umoja wa Mapadre Wakatoliki kwa ajili ya Haki waliufichua uwongo huo hadharani katika Kanisa Kuu la Myeongdong. Mwezi Juni vijana waliokuwa wakidai demokrasia walikimbilia katika kanisa hilo, naye Kardinali Stephen Kim Sou-hwan akawaambia wakuu wa serikali kwamba wakitaka kuwakamata wanafunzi hao itawalazimu kumkanyaga yeye kwanza, kisha mapadre, kisha masista. Kabla ya mwaka kwisha wananchi walimchagua rais kwa kura zao wenyewe. Leo watalii hupita Myeongdong wakienda madukani. Tunawasihi wanafunzi wetu wasipite tu. Wapige magoti, na wamuulize mwenyeji kilichotokea pale. Huo nao ni utamaduni, tena ni ule unaotujenga zaidi sisi ambao bado tunajifunza kusema kweli mbele ya wenye nguvu.

Sasa tuje kwenye kujitolea, maana hapo ndipo penye uzito. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana wa kujitolea hangoji siku ya tatu. Anashuka kwenye ndege akiwa ameshika jembe mkononi. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mwenye busara atauliza shamba ni la nani, nani ameomba lilimwe, na palizi itafanywa na nani mgeni akisharudi kwao.

Miongoni mwa kazi wanazopewa wageni wakati wa majira ya baridi ni kubeba yeontan. Haya ni makaa ya mawe yaliyofinyangwa kuwa vipande vya mviringo vyenye matundu, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu. Hutumika kupasha joto nyumba za watu wasioweza kulipia gesi. Wanaojitolea hujipanga mstari katika vichochoro vya milimani ambako gari halipiti, wakapokezana makaa mkono kwa mkono hadi mlangoni kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Kazi nyingine ni ile ya mwezi Novemba, pale majirani wanapokusanyika kutengeneza kimchi ya kutosha majira yote ya baridi na kuwagawia wasio nacho. Desturi hiyo, iitwayo kimjang, iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO. Hapo utamaduni na huduma havitengani tena, na mgeni anayetia mikono yake katika beseni la pilipili pamoja na akina mama wa mtaa hujifunza mengi kuliko katika makumbusho kumi.

Wengi wetu tutashangaa kusikia kwamba Korea ina maskini. Tumezoea kuona jina lake kwenye simu, magari na majokofu. Hii ni nchi iliyokuwa ikipokea misaada ya chakula baada ya vita, na ambayo kufikia mwaka 2010 ilikuwa imeingia katika kamati ya nchi wafadhili ya shirika la OECD. Hata hivyo takwimu za shirika hilohilo zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban wazee wawili kati ya kila watano wenye umri wa zaidi ya miaka 65 wanaishi chini ya nusu ya kipato cha kati cha nchi yao. Hicho ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa kati ya nchi tajiri. Ndiyo maana katika barabara za Seoul huonekana wazee wakisukuma mikokoteni, wakiokota maboksi ili wayauze kwa uzito.

Sababu yake haifichiki. Mfuko wa pensheni wa taifa ulianza mwaka 1988 tu, na haukufunguliwa kwa wananchi wote hadi mwaka 1999. Wale waliofanya kazi viwandani kwa ujira mdogo katika miaka ya 1960 na 1970, wakatumia akiba yao yote kuwasomesha watoto, walifika uzeeni mfuko ukiwa bado mchanga. Posho ya wazee iliyoanzishwa mwaka 2014 imepunguza makali lakini haijayaondoa. Basi bibi anayepokea makaa mlangoni si mvivu wala hakulaaniwa. Yeye ni mmoja wa waliojenga utajiri ule unaotustaajabisha, na gawio lake halikumfikia.

Hapa Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yanatupa kipimo. Upendo humpa mwenye baridi makaa, na haki huuliza kwa nini yeye bado anaota makaa ilhali jirani yake anabonyeza kitufe ukutani. Yote mawili yanahitajika. Mtume Yakobo anatuonya tusimwage maneno ya baraka kwa mtu asiye na nguo wala chakula kisha tukaenda zetu. Nasi tunaongeza kwamba haifai kumpa mtu makaa, tukapiga picha, kisha tukaenda zetu bila kuuliza lolote. Chukua kitongoji cha Baeksa, kaskazini-mashariki mwa Seoul, ambako kwa miaka mingi makundi ya wanaojitolea yalipanda kupeleka makaa. Kilianza mwaka 1967, wakazi wa mabanda ya katikati ya jiji walipohamishiwa huko. Leo wengi wao wameondolewa tena kupisha majumba ya ghorofa. Aliyebeba makaa bila kuijua habari hiyo alibeba uzito wa makaa tu, na uzito wa jambo lenyewe ukampita.

Ili tuone huduma iliyokomaa inafananaje, tutazame kisiwa cha Sorokdo, kusini mwa Korea. Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ilifungua huko hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Kwa kweli ilikuwa pia gereza. Wagonjwa walitumikishwa kwa nguvu, na wengine walifanyiwa upasuaji ili wasizae, dhuluma iliyoendelea hata baada ya uhuru. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Korea iliamua kwamba dola lilipaswa kuwalipa fidia waliotendewa hivyo. Katika kisiwa hicho, tangu miaka ya 1960, walifika wauguzi wawili kutoka Austria, Marianne Stöger na Margaritha Pissarek. Walihudumu kwa takriban miaka 40, wakiwagusa wagonjwa ambao hata ndugu zao waliogopa kuwakaribia. Mwaka 2005, walipoona nguvu zimewaishia na wakahofia kuwa mzigo kwa wale waliowahudumia, waliondoka kimyakimya wakiacha barua ya kuaga na kushukuru. Hapakuwa na sherehe wala hotuba.

Labda mtu atasema kwamba mwanafunzi ana majuma mawili tu, hana miaka 40, na hivyo mfano huo haumfai. Tunaikubali hoja hiyo nusu yake. Hakuna anayemdai kijana wa chuo abaki kisiwani hadi uzeeni. Lakini ufupi wa muda hauondoi wajibu. Unaongeza mmoja, nao ni unyenyekevu. Aliyekuja kwa majuma mawili na akubali kwamba yeye ni mwanafunzi kwanza, na mtumishi baadaye. Ajiunge na wale wanaobaki, yaani parokia, masista na vyama vya mtaa, afanye kazi waliyoiomba wao hata kama ni kuosha masufuria, wala asibuni kazi ya kumpendeza aliyemfadhili. Tena aiache kamera mfukoni mpaka aombe ruhusa na kuipata. Mzee anayefunguliwa mlango wake ili umaskini wake uonekane mbali ng'ambo amenyang'anywa kitu ambacho makaa hayawezi kukilipa.

Kuna kundi jingine ambalo mgeni haonyeshwi kwa urahisi. Ni wafanyakazi wahamiaji kutoka nchi kama Nepali, Kambodia na Vietnamu, wanaoingia Korea kwa utaratibu wa vibali vya kazi ulioanza mwaka 2004. Wengi huhudumu viwandani, mashambani na kwenye meli za uvuvi, na sheria huwabana sana wanapotaka kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Mwezi Desemba 2020, katika siku za baridi kali, mwanamke mmoja wa Kambodia alikutwa amekufa ndani ya makazi ya wafanyakazi yaliyojengwa katika banda la plastiki la kustawishia mboga, huko Pocheon. Tarehe 24 Juni 2024 moto katika kiwanda cha betri mjini Hwaseong uliua watu 23, na 18 kati yao walikuwa wageni. Mboga iliyomo katika bakuli la mgeni na betri iliyomo katika simu yake zina mikono nyuma yake. Kanisa la Korea halikukaa kimya juu ya wageni. Mwaka 2018, Wayemeni zaidi ya 500 walipofika kisiwa cha Jeju wakikimbia vita na wananchi wengi wakawapinga, Askofu Peter Kang U-il aliwahimiza waamini wake wawapokee. Wanafunzi wetu waombe kuonyeshwa huduma za namna hiyo, kwa sababu huko ndiko watakakokutana na vijana wa rika lao waliovuka bahari kwa sababu tofauti kabisa na zao.

Jambo hilo linatufikisha kwenye onyo ambalo hatuna budi kulisema wazi. Palipo na safari ya kanisa hujitokeza pia mawakala. Watawaambia vijana kwamba viza ya hija ni mlango wa kazi, kwamba wakishafika hakuna atakayewauliza, kwamba deni la nauli litalipwa kwa mshahara wa miezi miwili. Hatumhukumu kijana maskini anayetafuta riziki; tamaa ya kazi si dhambi. Tunamhukumu yule anayemuuzia uwongo na kumtumbukiza katika nchi ambayo asiye na kibali hana sauti hata akidhulumiwa ujira wake. Mapadre na walezi wanaotia sahihi barua za safari wajue kwamba sahihi hiyo inaweza kumfungua mtu au kumfunga. Tena mmoja akipotea njiani, wenzake mia watafungiwa mlango mwaka unaofuata. Mchama ago hanyele, huenda akauya papo.

Liko pia swali la nani huenda. Nauli ya kufika Seoul kutoka kwetu ni mapato ya mkulima kwa miezi mingi. Safari ikiachiwa wenye uwezo tu, tutakuwa tumewapeleka watoto wa wenye nacho kwenda kujifunza umaskini ugenini, ilhali watoto wa maskini waliozaliwa nao wamebaki nyumbani. Michango ya jumuiya ichangwe hadharani, hesabu zake zisomwe hadharani, na nafasi zigawanywe kwa bidii ya kijana katika huduma ya hapa, si kwa jina la baba yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kikundi kitumie angalau miezi sita kujifunza historia ya Korea na maneno machache ya lugha yake, yakiwemo ya salamu, shukrani na kuomba radhi. Pili, kila anayetaka kwenda awe amewahudumia wazee au wagonjwa wa mtaa wake kwa muda huohuo. Asiyemchotea maji bibi wa jirani hana la kumpelekea bibi wa Seoul. Tatu, kazi yoyote ya kujitolea ipangwe na wenyeji na iombwe na wenyeji. Nne, kila arudiye atoe taarifa mbele ya jumuiya yake, akieleza kilichomshangaza, kilichomhuzunisha na kile atakachokifanya hapa. Zawadi na picha zingoje baada ya hapo.

Lisitushike wazo kwamba sisi tunaenda Korea kupokea tu, au kwamba sasa ni zamu yetu ya kujiona wafadhili. Padre John Lee Tae-seok, daktari Msalesiani mzaliwa wa Busan, alifika Tonj, Sudan ya Kusini, mwaka 2001. Akatibu wagonjwa, akafungua shule, akawafundisha vijana muziki wakati bunduki zilikuwa bado zinasikika. Alifariki kwa saratani mwezi Januari 2010, akiwa na umri wa miaka 47. Vijana wawili wa Tonj walikwenda Korea kusomea udaktari katika chuo kilekile alichosoma yeye, nao wakahitimu. Hivyo ndivyo njia baina ya watu wawili inavyotengenezwa: mmoja huenda, mwingine huja, na kila mmoja huwa mwenyeji kwa zamu yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunamwomba Mungu awajalie vijana wetu wawe wageni wa namna hiyo, na wakirudi wasiusahau mlango wa jirani aliye na baridi hapahapa kwetu.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.